AC inawaka, inazima, inawaka tena: kabla hujamlipa fundi, hesabu dakika

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Kila mwaka joto la mwezi wa tisa na wa kumi likiingia hapa Kahama naulizwa swali lile lile, mtaani, kwenye simu, mpaka msibani: "Kaka, AC yangu inawaka inazima, inawaka inazima, tatizo ni nini?" Nimeona bora niandike mara moja kila ninachokijua, mwenye shida aprinti akakae nayo nyumbani.

Niseme mapema, mimi sina cheti cha ufundi wa AC. Nilichojifunza nilikilipia, tena kwa bei mbaya.

Ilikuwa hivi. Mgodi wa Buzwagi ulipofikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, jirani yangu mmoja aliamua kuhama na akawa anauza vitu vya ndani. Nikachukua AC yake, kubwa, BTU 24,000. Nikajiona mjanja, maana bei aliyonipa ilikuwa sawa na ya AC ndogo mpya dukani. Nikaifunga chumba cha mama mzazi, ambaye alikuwa ametoka Bukombe kuja kukaa na sisi. Chumba chenyewe mita tatu kwa nne. Usiku wa kwanza mama akalala vizuri. Wa pili akaniambia, "Mwanangu, hiyo mashine yako inakohoa." Na kweli ilikuwa inakohoa: tak, ngurumo dakika tatu, tak, kimya, halafu tak tena. Usiku kucha.

Nikaita fundi. Akaja na mtungi na geji, akafungua, akatazama, akatikisa kichwa kama daktari.

"Gesi imeisha, bosi wangu."

"Imeenda wapi sasa?"

"Si inatumika! Ndo AC zilivyo, kila msimu unajaza."

Nikalipa elfu sabini. Wiki mbili baadaye kikohozi kiko pale pale, nikamwita tena, akajaza tena, nikalipa tena. Na mara ya tatu hivyo hivyo, mimi huyu huyu mwenye akili zangu. Mwezi wa kumi, saa tatu usiku, kompresa ikatoa mlio kama wa kusaga mawe, ikanyamaza moja kwa moja. Fundi wa pili alipoipima akaniambia gesi haikuwahi kupungua hata siku moja. Ilikuwa imezidi. AC ilikuwa kubwa mno kwa kile chumba, basi, na zile gesi za nyongeza zilikuja kuimalizia. Saa moja tu ya kukaa nje na saa mkononi ingeniambia jambo hilo bure.

KUWAKA NA KUZIMA SIO UGONJWA

Tuanzie hapa kwa sababu wengine AC zao ni nzima kabisa na wanataka kuzipeleka hospitali. AC ya kawaida, ile isiyo ya inveta, haijui kwenda polepole. Kompresa yake iliyoko kwenye boksi la nje ama inazunguka kwa nguvu zote ama imesimama. Umeweka 24 kwenye rimoti, chumba kikifika hapo inasimama, joto likipanda kidogo inawaka. Ndo kazi yake. Feni ya ndani kwa kawaida inaendelea kupuliza muda wote, kwa hiyo usihukumu kwa kusikiliza ndani. Mgonjwa yuko nje.

Kuna kitu kinawachanganya wengi. AC haiwaki na kuzima sana wakati wa joto kali. Saa nane mchana mwezi wa kumi inaweza kuzunguka mfululizo na ikawa sawa tu, mradi chumba kinapoa. Na kukiwa na baridi inapumzika muda mrefu. Kuwaka na kuzima kunaongezeka pale katikati, joto likiwa la wastani, mashine inafanya kazi nusu ya muda na kupumzika nusu. Sisi Kahama tuko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, jua likizama joto linashuka haraka kuliko kwa wenzetu wa Dar. Kwa hiyo AC ambayo mchana haikuzima kabisa ikianza kuzima zima usiku, hiyo peke yake sio dalili ya ubovu.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: ikizunguka dakika 10 mpaka 20 kisha ikapumzika kwa muda, mara mbili au tatu kwa saa, iache. Ikiwa kila mzunguko hauzidi dakika tano na inaanza upya mara sita au zaidi kwa saa, hapo kuna jambo.

Na wenye inveta msinipigie kelele. AC ya inveta chumba kikikaribia kupoa inapunguza mwendo badala ya kuzima, kama dereva anayeachia mafuta kidogo. Yenu ikiwa inazima kabisa kila baada ya dakika chache wakati wa joto, ni dalili nzito kuliko kwa AC ya kawaida. Angalieni pia taa za boksi la ndani, zikipepesa kwa mpangilio fulani ni namba ya kosa, na maana yake imeandikwa kwenye kile kitabu mlichokitupa pamoja na katoni.

NAMNA YA KUHESABU

Chukua simu yenye saa ya kupimia, kalamu na karatasi. Weka rimoti kwenye alama ya theluji, ambayo ni ya kupooza. Usiweke kwenye "auto", wala kwenye alama ya tone la maji, maana ile ya tone ni ya kukausha unyevu na mashine nyingi zikiwa pale zinawasha na kuzima kompresa zenyewe kwa makusudi. Nimeshamkuta mtu Nyasubi amelalamika wiki nzima kumbe rimoti iko kwenye tone! Weka 24, funga mlango na madirisha, subiri nusu saa hali itulie. Halafu kaa nje karibu na boksi, uandike kila ikiwaka na kila ikizima kwa saa nzima. Fanya mara mbili, saa nane mchana na saa mbili usiku. Sababu ya usiku utaiona mbele.

Pembeni ya kila "imezima" andika jibu la swali moja: chumba kilikuwa kimeshapoa au bado? Swali hilo linagawa magonjwa yote mafungu mawili.

IKIZIMA CHUMBA KIMESHAPOA

Hapa kompresa haina kosa, inatii amri. Tatizo ni kwamba amri inakuja mapema mno.

Sababu namba moja ndo ile yangu, mashine kubwa kwenye chumba kidogo. Inamwaga baridi nyingi kwa dakika tatu, sensa iliyoko kwenye boksi la ndani inahisi baridi, inazima. Lakini kuta, godoro na dari ya bati bado zina joto la mchana, zinalirudisha chumbani, dakika nne nyingi tak, imewaka tena. Zaidi ya hapo haipati muda wa kukausha hewa, kwa sababu maji yanaanza kudondoka vizuri mashine ikiwa imezunguka kwa muda. Kiangazi huku kwetu hewa ni kavu, hutaona tofauti. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja ndo utasikia shuka lina unyevu na baridi ile ya kunata. Si ajabu: AC ya kwanza ya kisasa, aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902 kule Brooklyn, ilitengenezwa kudhibiti unyevu uliokuwa unaharibu karatasi kwenye kiwanda cha uchapaji. Binadamu tulikuja kufaidi baadaye.

Ukubwa unaofaa unapatikana kwa hesabu ya haraka haraka. Zidisha urefu kwa upana wa chumba kwa mita, kisha zidisha kwa 600. Chumba cha mama ni mita 12 za eneo, mara 600 ni BTU 7,200. AC ya BTU 9,000, ambayo mafundi wanaiita ya farasi mmoja, ilikuwa inamtosha na chenji inabaki. Mimi nikamwekea 24,000. Ongeza kidogo kama paa ni bati lisilo na dari au dirisha linatazama jua la jioni. Kama ni chumba chenye kompyuta, kila wati moja ya umeme inageuka joto la BTU 3.4 kwa saa. Kompyuta kumi za wati 150 ni kama BTU 5,100 kabla hujahesabu watu waliokalia viti. Kwa hiyo mwenye kafe asiige vipimo vya chumba cha kulala, na mwenye chumba cha kulala asinunue AC iliyotoka kafe.

Ukishainunua kubwa ufanyeje? Dawa kamili ni kuibadilisha au kuihamishia sebuleni. Ya kupooza maumivu ni kufungua milango ya vyumba viwili ipooze vyote, na kupandisha rimoti mpaka 25 au 26 usiku huku feni ikisaidia.

Sababu ya pili ni sensa kudanganywa. Pazia limening'inia mbele ya boksi, kabati liko chini yake, au boksi limebanwa kwenye kona, basi baridi inatoka, inagonga, inarudi pale pale ilikotoka, na sensa inaamini nyumba nzima imepoa. Utajua kwa sababu ukisimama mbele ya AC unatetemeka na kitandani unatoka jasho. Geuza mabawa, ondoa kabati. Umemaliza, hakuna hela iliyotoka.

IKIZIMA CHUMBA BADO CHA MOTO

Huku ndiko kwenye hatari na ndiko hela zinakoliwa, kwa hiyo soma taratibu.

Tazama kwanza ni nini kilichozima. Kama na taa za boksi la ndani zimezimika, AC haijazima yenyewe, imenyimwa umeme. Angalia swichi kubwa ukutani, angalia LUKU, angalia kile kiboksi cha kulinda vifaa ambacho mafundi wanakiita gadi. Gadi ikiona umeme umeshuka inakata, kisha inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Mtu anasema AC inawaka na kuzima kumbe ni gadi inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Na umeme wenyewe ni stori ndefu huku. Kiwango chetu ni volti 230. Watengenezaji wengi wanavumilia kama asilimia 10 kupanda au kushuka, yaani kati ya 207 na 253. Sasa nenda mtaa wenye mashine za kukoboa mpunga na mafundi wa kuchomelea mageti, wote transfoma moja na wewe. Fundi akigusa chuma, taa yako inafifia. Jioni watu wakirudi na kila nyumba imewasha friji, pasi na jiko, volti zinashuka zaidi. Ndo maana nikakwambia upime na saa mbili usiku.

Mota ya kompresa inapoanza, nguvu yake ya kuzungusha inafuata kipeo cha pili cha volti. Maana yake volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu haishuki kidogo kidogo, inabaki kama asilimia 61 tu. Kompresa inataka kuanza, inashindwa, inanguruma "mmmmm" sekunde chache huku ikivuta umeme mwingi mara kadhaa ya kawaida, inapata moto, kinga yake ya ndani inakata: tak. Baada ya muda inajaribu tena. Ukisikia mngurumo mfupi ukifuatiwa na tak bila boksi kutetemeka, ZIMA. Usiiache ijaribu usiku kucha eti itashika. Kila jaribio linaunguza waya za mota.

Dalili hiyo hiyo inaletwa na kapasita iliyochoka, kile kikopo cha kuisaidia mota kuanza. Kuzitofautisha ni rahisi: kama inagoma saa mbili usiku na inawaka bila shida alfajiri, shuku umeme. Kama inagoma saa zote, shuku kapasita. Kapasita ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa, ila usiifungue mwenyewe hata kama umeangalia video mia. Inatunza umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Nyie wadogo zangu mnaopenda kujaribu jaribu, hapo naongea na nyie.

Kabla hujailaumu TANESCO, kagua waya wako. AC isichomekwe kwenye soketi ya kuunganisha pamoja na friji na tivii. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye swichi kubwa, waya wa milimita 2.5 kwa AC ya BTU 12,000, na mnene zaidi kwa kubwa. Waya mwembamba unakula volti njiani, na ukiushika una joto. Kama waya ni mzuri na bado volti ziko 190 kila jioni, piga picha ya mita ikionyesha namba na saa, kusanya majirani wawili watatu wenye picha kama hizo, peleka taarifa TANESCO na mdai namba ya taarifa.

Mgao nao tusiusahau. Tuliokuwepo mwaka 2006, 2011 na mwishoni mwa 2023 tunajua umeme unavyorudi: unakuja, unakatika, unakuja tena. Ndani ya dakika moja AC inaweza kutakiwa kuanza mara tatu. Ikisimama, ndani ya mabomba upande mmoja una mgandamizo mkubwa na mwingine mdogo, na inahitaji kama dakika tatu pande zote zilingane. Kuilazimisha kabla ya hapo ni sawa na kuwasha gari lililo gia ya nne mlimani. Mashine nyingi za siku hizi zina ucheleweshaji wa dakika tatu ndani yake, ndiyo maana ukiwasha tu hailii hapo hapo. Za zamani za dirishani nyingi hazina. Kama yako ni ya hivyo, umeme ukikatika zima swichi, urudishe ukishatulia dakika tano.

VUMBI LETU

Kuna mpangilio mwingine: inazunguka dakika tano mpaka kumi na tano, inazima, halafu inakaa kimya nusu saa au zaidi, na chumba bado ni tanuri. Gusa boksi la nje kwa tahadhari, utakuta linachoma. Kompresa imepata homa na kinga imeizima mpaka ipoe.

Kazi ya boksi la nje ni kutupa joto lililotolewa chumbani. Hapa Kahama tunalinyima pumzi kwa njia mbili. Kwanza vumbi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua, vumbi la barabara, na kwa walioko karibu na mashine za mpunga, zile pumba nyepesi, linaganda kwenye mapezi ya nyuma mpaka unaona kama blanketi. Pili, kwa kuogopa wezi wa mabomba ya shaba, tunalijengea kizimba cha nondo na mabati, tena wengine wanalifunika kabisa. Joto linatoka, linarudi, linavutwa tena. Kizimba sikatai, ila kiwe cha nondo tupu, na mbele ya feni kuwe wazi kabisa.

Kusafisha: zima swichi kubwa, mwagia maji ya mpira kwa presha ndogo kwenye mapezi, usitumie mashine ya kuoshea magari maana yatalala yote. Acha ikauke. Nimeona AC tatu zilizotangaziwa kifo zikifufuka kwa ndoo mbili za maji.

Ndani nako kuna chujio, lile wavu ukifungua uso wa boksi. Likiziba, hewa haipiti kwenye mabomba ya baridi, yanashuka chini ya sifuri, yanaota barafu, na sensa ya barafu inazima kompresa mpaka iyeyuke. Utaona maji yanadondoka ukutani na upepo umekuwa hafifu. Wakati wa vumbi lioshe kila wiki mbili kwa maji na sabuni kidogo, likaushe kivulini. Mvua ikinyesha mara moja kwa mwezi inatosha.

GESI

Sasa tufike kwa ndugu yetu mwenye mtungi. Gesi ya AC haitumiki kama petroli wala haiishi kama mkaa. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika, inageuka hewa, inarudi, miaka na miaka. Kama imepungua, IMEVUJA, na kama imevuja kuna tundu, mara nyingi pale mabomba yalipofungwa kwa nati. Kujaza bila kuziba tundu ni kumimina maji kwenye pakacha.

Gesi ikipungua kweli, dalili zake ni hizi: inapooza vibaya, bomba jembamba kwenye boksi la nje linaota barafu, pengine kuna mafuta mafuta kwenye nati. Mashine zenye kinga ya mgandamizo mdogo zitazima na kuwaka. Lakini chumba kinachopoa ndani ya dakika tatu, kama cha mama yangu, hakiwezi kuwa na upungufu wa gesi. Sentensi hiyo ningeijua mwaka ule ningeokoa laki mbili na kumi, pamoja na kompresa.

Fundi anayejua kazi utamtambua kwa vifaa. Atapaka povu la sabuni kwenye nati kutafuta mapovu. Ataziba. Atavuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kujaza. Na atapima gesi kwa mizani, kwa sababu kwenye kibao cha boksi la nje imeandikwa ni gramu ngapi zinatakiwa. Anayejaza kwa kusikiliza mlio na kugusa bomba kwa kiganja, mshukuru, mpe nauli. VETA wanafundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na kijana aliyepita huko hataona aibu ukimuuliza mizani iko wapi.

Soma pia aina ya gesi kwenye kibao hicho. AC za mtumba za zamani nyingi ni R22. Hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea, na sisi tukiwemo, zilipangiwa kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na karibu yote ifikapo 2030. Kwa hiyo anayekuuzia AC ya R22 kwa bei ya kutupa anakuachia na shida ya kuitafutia gesi. R410A na R32 zina mgandamizo mkubwa, kama mara moja na nusu ya R22 na zaidi, hazichanganywi na R22 wala hazijazwi kwenye mashine yake. R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi asivute sigara wala kuwasha moto wa kuchomelea ikiwa gesi bado imo ndani.

NA LUKU JE?

Watu wanasema AC inayowaka na kuzima inamaliza umeme kwa sababu ya ule mshtuko wa kuanza. Nusu kweli. Mshtuko ni mkubwa ila ni wa chini ya sekunde moja, uniti unazokula ni kidogo sana. Hasara iko kwenye dakika za mwanzo za kila mzunguko, kompresa inavuta umeme kamili lakini baridi bado haijakaa sawa. Ukirudia hizo dakika mara kumi kwa saa, unalipia kuanza tu, hufiki. Hasara kubwa kuliko zote ni kompresa yenyewe kuchakaa.

Kwa mahesabu: AC ya BTU 12,000 inavuta kama kilowati 1.1. Ikizunguka nusu ya muda kwa saa nane za usiku ni uniti 4.4. Kwa bei ambayo EWURA iliipanga mwaka 2016 kwa mteja wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni kama shilingi 1,285 kwa usiku, na uniti 132 kwa mwezi wa siku 30. Wale wa kundi la chini, ambao kwa mpango huo walilipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, waone hapo: AC peke yake inakutoa kwenye kundi hilo, na uniti zilizozidi zilipangwa shilingi 350. Familia ijadili kabla ya kununua, sio baada ya LUKU kulia.

Chumba cha mama sasa kina BTU 9,000 ya dukani. Juzi nimeipima: dakika 14 inazunguka, dakika 9 inapumzika, saa mbili usiku, volti 214. Ile ya 24,000 bado iko stoo bila kompresa, mama ameifanya meza ya kuanikia ulezi.

Mwenye AC inayokohoa aandike kwenye maoni hapo chini: BTU ngapi, chumba mita ngapi kwa ngapi, inazunguka dakika ngapi, inapumzika ngapi, saa ngapi ulipima, na ikizima chumba kinakuwa kimepoa au la. Nitajibu kila jioni nikipata neti. Ukiandika tu "AC yangu mbovu nisaidieni", nitakurudisha nje ukahesabu, teh teh. Mafundi wa kweli mlioko Kahama, Geita, Katoro na Runzewe, nikikosea sehemu nirekebisheni hapo hapo.